Shimo Lenye Jina la Mdogo Wetu

Sitaandika jina la mtu yeyote hapa isipokuwa moja, kwa sababu bila hilo moja sina la kusimulia. Ni jina la mdogo wetu wa mwisho: Aristarque.

Baba ndiye aliyempa. Alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Kasenga, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, na chumbani mwake kulikuwa na kitabu kikuukuu cha Kifaransa chenye picha za sayari, jalada lake limeliwa na mende. Humo ndimo alimokutana na Mgiriki wa kale aliyesema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, wakati wenzake waliamini kwamba jua ndilo linalotuzunguka sisi. Walimsikia, wakaendelea na mambo yao. Alikufa bila kuaminiwa, na ilipita miaka mingi mno kabla ya wengine kusema vilevile na kusikilizwa.

Habari hiyo ilimshika baba moyoni. Nadhani alijiona ndani yake, yeye aliyefundisha madarasa yaliyojaa hadi madirishani, watoto wakinakili ubaoni bila kuuliza swali.

"Mutu anasema kweli, banamuacha peke yake," alikuwa akisema. "Bon, angalau tumupe mutoto wa kubeba jina yake."

Koko, yaani mama yake baba, alitaka mtoto aitwe jina la marehemu mume wake. Mimi ni wa kwanza, msichana. Aliyenifuata msichana pia. Kwa hiyo huyu wa tatu, mvulana, ndiye aliyengojewa abebe jina la babu. Walibishana uani kwenye nyumba ya uzazi, mama akiwa bado amelala ndani hana nguvu. Baba hakulegea. Majirani nao walicheka. Mmoja aliuliza kama hilo ni jina la mtoto au la dawa ya minyoo. Kilichomtuliza koko kidogo ni padri, aliyemwonyesha kwamba ndani ya Biblia pia yumo Aristarko, mtu aliyesafiri na Paulo.

"Kama Paulo alimujua, sawa," alisema koko. "Lakini angemupa jina ya baba yake."

Mama alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea. Koko akahamia kwetu na kumlea.

Kwetu, mwezi mpevu ni mapumziko. Mitumbwi huvua ndagala, yaani dagaa, kwa taa, na mwanga wa mwezi ukiwa mwingi samaki hawazifuati taa, hivyo wavuvi hutundika nyavu na kukaa nyumbani siku kadhaa hadi giza lirudi. Jioni hizo mji wote huwa nje. Wanaume ambao kwa kawaida wangekuwa ziwani wanatengeneza viti, wanagombana na wake zao, wanacheza na watoto wasiowazoea. Jioni moja ya namna hiyo, mwezi ulipochomoza nyuma ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, mkubwa na mwekundu, baba alimpandisha mdogo wetu mabegani. Mtoto alikuwa na miaka mitano hivi.

"Unaona pale chini, mukono wa kushoto? Ile alama nyeupe kupita zingine?"

"Naiona."

"Ile ni shimo. Iko na jina yako. Aristarque."

Mtoto alifurahi, akapiga kelele, akampiga baba kichwani kama ngoma. Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya mihogo. Alikiweka kisu chini.

"Shimo?"

"Ndiyo, mama. Shimo kubwa sana. Linaweza kumeza Uvira yote."

"Nani aliichimba?"

"Hakuna mutu. Jiwe iliangukaka pale, zamani sana."

"Na jina ya mutoto iko inafanya nini mule?"

Baba alimweleza kwa subira, kama alivyokuwa akieleza darasani. Kwamba wenye kusoma nyota waliyapa mashimo ya mwezini majina ya watu waliotafuta elimu, ili wasisahauliwe. Kwamba yule Mgiriki alipewa shimo linalong'aa kuliko yote. Kwamba ni heshima.

"Wale batu benye mashimo," koko aliuliza, "ni bazima ao ni bafu?"

Baba alisita. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hata mdogo.

"Wamekufa, mama. Karibu wote."

"Basi unielezee, weye mwenye kusoma. Shimo yenye kuwa na jina ya mutu, sisi tunaiitaka nini?"

Baba alicheka. Mimi na mdogo wangu wa kike tulicheka pia, kwa sababu yeye alicheka. Koko hakuchukua tena kisu chake. Mihogo ilibaki pale mkekani, nusu imemenywa, hadi mimi nilipoimaliza.

Msimu wa mvua uliofuata baba aliugua. Tumbo lilijaa, macho yakawa ya njano, akawa halali wala haamki, yuko katikati tu. Jioni moja mtoto wa jirani alikuja kumtafuta mdogo wetu wacheze. Alisimama barabarani akaita kwa sauti: "Aristarque!" Mdogo wetu alikuwa amelala. Kutoka chumbani, baba, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, aliitika kwa nguvu kabisa:

"Niko!"

Koko alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nilimwona akigeuka kuangalia juu ya ziwa, ambako mwezi ulikuwa umeshapanda. Baba alifariki katika wiki hiyo.

Hapo ndipo koko alipopata hakika yake, na hakuna aliyeweza kumtoa ndani yake, si padri, si sisi. Shimo lilimwita mtoto, akaitika baba. Likamchukua liliyempata. Lakini jina bado lilikuwa la mtoto, na shimo bado lilikuwa wazi, kila mtu angeweza kuliona kwa macho yake. Kwa hiyo tangu siku ile, jua likishatua, jina la mdogo wetu halikutajwa nyumbani. Mchana, shuleni, kanisani, alikuwa Aristarque. Jioni alikuwa Mudogo. Koko alitaka libadilishwe kabisa, na kwa kuwa baba hakuwapo tena aliniomba mimi.

"Weye njo mukubwa wa nyumba sasa," aliniambia. "Ukisema, itakuwa."

Nilikataa. Nilimheshimu koko, na sikuwahi kumjibu vibaya, lakini hilo nilikataa. Baba hakutuachia shamba wala duka. Aliacha kitabu kilicholiwa na mende, na mchwa walikimaliza baadaye, na aliacha jina hilo. Nilikubali sharti la jioni ili koko apate usingizi. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, nikaacha shule. Mwalimu mmoja, rafiki ya baba, alikuja kuniomba nirudi darasani. Nilimpa kiti, nikaendelea kugeuza ndagala kwenye wavu wa kukaushia, tukazungumza habari za mvua, akaenda zake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilinunua ndagala asubuhi ufukweni, nikakausha, nikauza. Siku za mwezi mpevu sikuwa na kazi, na ndizo siku koko alipokuwa mgumu zaidi. Alifunga madirisha mapema. Mdogo wetu alipokuwa mkubwa alianza kumtania.

"Koko, shimo iko inaniangalia leo?"

"Nyamaza, mujinga. Ingia ndani."

"Naenda kuisalimia. Niko na jina yake, lazima tujuane."

"Baba yako alisalimia. Uko unamuona?"

Hapo yeye, ambaye hakuwa mtoto mbaya, alikwenda kufunga dirisha mwenyewe. Mimi sikuamini. Lakini nimewahi kujikuta jioni nimesimama uani na jina limefika mdomoni, na nikalimeza. Miaka mingi ya kulimeza inakuzoesha kuogopa kitu ambacho hukiamini.

Kisha ukaja mwaka tuliokimbia. Mdogo wetu alikuwa na miaka kumi na saba.

Watu wa Lubarika na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi walipita kwanza, na mbuzi, na magodoro vichwani, na hawakutaka kusimama kuzungumza. Mchana tukaanza kusikia milio ya risasi wenyewe. Tulifunga mlango kwa kamba, kwa kuwa kitasa kilikuwa kimekufa zamani, tukashika barabara ya Fizi pamoja na mji wote. Koko alitembea ameweka mkono begani kwangu. Mdogo wangu wa kike alibeba sufuria na nguo. Mdogo wetu wa mwisho alisukuma baiskeli, imebeba godoro na gunia la ndagala.

Hofu yangu haikuwa risasi. Kijana wa umri ule, mwenye mabega, njiani siku kama ile, huchukuliwa. Anabebeshwa masanduku, anapelekwa milimani, na wengine hatukuwaona tena. Kwa hiyo nilimwambia: usiende mbali na mahali ninapoweza kukushika shati. Naye alitii, mpaka mtoni.

Hapo maji yalikuwa yameondoa nusu ya daraja, na kilichobaki kilibeba watu wa miguu peke yao. Wanaume wenye bunduki, ambao hatukujua ni wa nani na hakuna aliyeuliza, waliwaelekeza wenye baiskeli na pikipiki kushuka chini, wavuke penye maji mafupi karibu na ziwa. Hakukuwa na nafasi ya kubishana, watu walikuwa wakitusukuma kutoka nyuma.

"Tutakutana ng'ambo, yaya," alisema, kama sisi tunavyomwita dada mkubwa. "Musiende mbali."

Tukavuka. Tukasimama kando ya barabara, penye mchanga, tukangoja. Baiskeli zilikuja moja moja kutoka chini, zimelowa. Wanawake walizisukuma, na wazee. Nilimsimamisha mzee mmoja.

"Baba, vijana wako wapi?"

"Vijana bako banazuiliwa kule chini. Banapangwa musitari." Hakuniangalia aliposema hivyo.

Jua lilikuwa limeshatua nyuma ya milima yetu. Pale mchangani kila mtu alikuwa akiita mtu. Niliwasikia akina mama wakiita majina ambayo watoto wengi waliyaitikia kwa pamoja, kwa sababu ni majina tunayoyapenda wote, na kila mtoto aliyeitika hakuwa yeye. Mdogo wangu wa kike aliweka mikono mdomoni akaita:

"Mudogo! Mudogo wee!"

"Niko!" kutoka kulia. "Niko huku!" kutoka nyuma. Kijana mmoja alitukimbilia, akatuona sura, akageuka akilia. Kila mtu pale alikuwa mdogo wa mtu.

Tuliita tena na tena. Ng'ambo ya ziwa anga ilianza kuwa nyeupe juu ya Burundi, na ukingo wa mwezi ukatokea. Ulikuwa umejaa. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imelala ufukweni, hakuna aliyekuwa na kazi jioni ile.

"Yaya," mdogo wangu alinong'ona. "Kuna jina moja tu ambalo hakuna mwingine analo hapa."

Nilikuwa nimeshaliwaza. Nilivuta pumzi. Koko akanifunika mdomo kwa kiganja chake. Alikuwa mzee sana lakini kiganja kile kilikuwa kama ubao.

"Hapana," alisema. "Ona ile kitu imetoka. Hapana, mwanangu. Mungojee."

Niliuondoa mkono wake. Niliuondoa polepole, nikaushika ndani ya wangu, nikaita. Sijawahi kuita hivyo tena. Niliita kuelekea chini, penye maji, na ilikuwa pia ndiyo njia ya mwezi, kwa kuwa ziwa liko upande huohuo.

"Aristaaarque!"

Na kabla sauti yangu haijaisha, koko aliitika.

Alijibu kando yangu, kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, ameinua uso kwenye ule mwanga, kama ndiye aliyeitwa.

"Minye huyu! Niko hapa!"

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Nilimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Sikuelewa. Au nilielewa, nikataka nisielewe. Niliita tena, kwa kuwa yule niliyemtaka alikuwa bado hajaitika, na koko akaitika tena kabla yake: "Niko hapa!" Niliita hadi koo likaniuma, na kila mara alinitangulia, kama wanavyogombea wanafunzi kumjibu mwalimu. Hakukosa hata mara moja.

Mdogo wetu alitokea kwenye majani, bila baiskeli, bila viatu, suruali imelowa hadi kiunoni.

Alichotusimulia ni kifupi, na hadi leo hajaongeza. Walikuwa wamekalishwa chini, mstari. Mmoja wa wale wenye bunduki alisikia kelele zangu zikirudiarudia.

"Ni nini ile banaita? Ni mutu ao ni dua?"

"Ni minye," mdogo wetu alisema. "Ni jina yangu."

Wenzake walicheka. Yule mtu akamuuliza ni nani anayeita, mama yake? Akajibu, hapana, ni yaya, mama alikufa. Yule mtu alinisikiliza nikiita mara nyingine.

"Enda umunyamazishe," alisema. "Anapasua kichwa yangu. Kinga iache hapa." Kinga ndiyo baiskeli. Akaiacha, na godoro, na ndagala.

Koko alimpapasa uso kwa mikono yote miwili. Tulitembea hadi Makobola na tukalala kwenye darasa la shule, pamoja na familia nyingine.

Kule Makobola koko alianza kukohoa. Alikuwa mzee, alikuwa ametembea njia ndefu, tulilala saruji, chakula kilikuwa muhogo na mboga. Nasema haya kwa sababu ni ya kweli na kwa sababu yanatosha. Mtu yeyote wa umri wake angeweza kufa kwa hayo. Yeye hakuyataja hata moja. Asubuhi moja, wadogo zangu wakiwa wamekwenda kuchota maji ziwani, aliniita nimkalie karibu.

"Uliita, minye nikaitika. Ulisikia?"

"Nilisikia, koko."

"Basi ile jina sasa ni yangu. Mukinizika muiandike pale juu, kwa musalaba. Ili kule wakisoma, waone mwenye jina ameshaingia."

"Koko, usiseme hivyo. Utapona, tutarudi nyumbani."

"Minye siulizi kama nitapona. Nakuuliza kama utaandika."

Nilitazama mlango. Kwa mbali niliwasikia wadogo zangu wakicheka njiani na ndoo zao. Nilikuwa nimelikatalia jina hilo lisiguswe miaka yote, na sasa alikuwa akiniomba kitu kigumu zaidi ya kulibadilisha. Kumwandika mtu aliye hai juu ya kaburi. Nilijua kwamba nikisema hapana atakufa na hofu, na hofu hiyo itabaki kwetu, itakaa na mdogo wetu kila jioni ya maisha yake. Na nikisema ndiyo, sikujua nitakuwa nimefanya nini.

"Nitaandika," nilisema.

Alifunga macho. "Njo vile mukubwa hufanya," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe niliona kama ameridhika nami.

Alikufa wavuvi walipokuwa wameanza kutoka tena na taa zao. Watu wa Makobola walitusaidia kama ndugu. Walitupa mahali pa kuzika juu ya barabara, penye miti michache, na fundi mmoja alitupatia mbao mbili. Tatizo lilikuwa katekista, mwalimu wa kanisa, alipoona jina tulilotaka kuandika.

"Dada, huyu marehemu aliitwa hivi?"

"Hapana, mwalimu. Hilo ni jina la mjukuu wake."

"Mjukuu alikufa?"

"Ni huyu hapa, ameshika rangi."

Katekista alimtazama mdogo wetu kutoka kichwani hadi miguuni, akarudisha kofia yake kichwani. "Minye siombei kaburi ya mutu mwenye angali muzima. Hiyo ni kuita kifo. Hata pepo wenyewe wangechanganyikiwa."

Nilimweleza. Nilimwambia yote, tangu baba na mabega yake hadi daraja. Hakusema kwamba ni ujinga. Alisema tuandike jina la koko juu, kubwa, kama anavyojulikana na Mungu, na lile lingine chini yake, dogo, na kwamba yeye atafumba macho wakati wa sala na hataona kilichoandikwa.

Nilichukua brashi. Mdogo wetu akainyang'anya.

"Leta, yaya. Weye uliacha masomo mapema, utasahau ile q."

Mdogo wangu wa kike alicheka, kisha akaficha uso kwenye kitenge. Mdogo wetu aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri wa duara, mwandiko wa baba. Aliandika jina la koko. Halafu akapiga magoti ili kulifikia lile la chini, na nilimwangalia akiliandika jina lake herufi kwa herufi juu ya udongo ambao bado ulikuwa mbichi. Alipomaliza alibaki pale amepiga magoti, akipuliza rangi ikauke.

Tulirudi Kasenga mambo yalipotulia. Wezi walikuwa wamechukua mlango, wakaiacha ile kamba. Nilianza tena na ndagala wa mkopo. Kule Makobola msalaba umesimama, na siku moja mtu aliyesoma na baba alipita pale, akasoma, akaja hadi kwetu na uso wa msiba kunipa pole ya kifo cha mdogo wetu. Aliyempokea ni mdogo wetu mwenyewe. Yule mzee alirudi nyuma hadi barabarani, na ilibidi nimfuate, nimlete kwa mkono, nimpe maji.

Sharti la jioni lilikwisha lenyewe. Hatukulizungumza. Siku za kwanza tuliendelea kusema Mudogo kwa mazoea, hadi jioni moja, chakula kikiwa tayari na yeye yuko nyuma ya nyumba akitengeneza taa za wavuvi, kazi anayoifanya sasa. Mdogo wangu wa kike alikuwa akikoroga ugali. Nilisimama mlangoni. Mwezi ulikuwa nje, nusu. Sikulimeza.

"Aristarque! Chakula!"

Kulikuwa na kimya kidogo, cha kawaida, cha mtu anayeweka chini kifaa chake kabla ya kuitika. Nilijikuta nimeshika fremu ya mlango. Nyuma yangu mwiko ulikuwa umesimama ndani ya sufuria.

"Nakuja, yaya!" alijibu kutoka nyuma.

Niligeuka. Mdogo wangu alikuwa akiitazama kona ya chumba ambako koko alikuwa akitandika mkeka wake.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia nini?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa akipima kama nitamdanganya.

"Mbele yake," alisema. "Kabla hajajibu."

Mdogo wetu aliingia ananuka mafuta ya taa, akauliza kwa nini tumesimama kama sanamu, akaketi, akaosha mikono. Nilichukua mwiko kutoka kwa mdogo wangu nikapakua. Nilipoangalia, nilikuwa nimepakua sahani moja zaidi, na hakuna kati yetu aliyeiondoa mezani.